Kofia ndefu imevuliwa, ubishi wa mavazi ya farasi umebaki

Chukua picha za timu ya Uingereza iliyotwaa dhahabu ya dresaji kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Carl Hester kavaa kofia ndefu nyeusi, ile ya mfano wa silinda ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha za mabwana harusi wa Kizungu wa zamani na kwa wanamazingaombwe wanaotoa sungura. Laura Bechtolsheimer vilevile. Charlotte Dujardin kavaa helmeti. Siku mbili tatu baadaye, helmeti hiyohiyo kichwani, Dujardin na farasi wake Valegro wakabeba pia dhahabu ya mtu mmoja mmoja.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: dresaji ni mashindano ambayo farasi na mpandaji wake huingia uwanja wa mchanga wa mita 60 kwa 20 na kufanya miondoko iliyopangwa. Farasi huenda kiubavu, huzunguka pale pale aliposimama, hunyanyua miguu kwa madaha kana kwamba ardhi ina moto, na majaji hutoa alama kwa kila mwondoko. Hakuna kizuizi cha kuruka wala mbio. Ni mchezo wa unadhifu, ndiyo maana nguo zake hubishaniwa kuliko za mchezo mwingine wowote wa farasi.

Sehemu moja ya ubishi huo ilifungwa kwa kanuni. Novemba 2020 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lilipitisha kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 kila mpandaji avae helmeti. Kabla ya hapo vijana ndio waliobanwa. Wakubwa waliachiwa hiari. Tokyo ikawa Olimpiki ya kwanza ya dresaji isiyo na kofia ndefu hata moja. Isabell Werth wa Ujerumani, aliyeanza kukusanya medali Barcelona mwaka 1992 enzi kofia ndefu ikiwa ni sehemu ya mwili wa mpandaji, naye alivaa helmeti, akaivaa tena Paris 2024 ambako medali zake za Olimpiki zilifika 14. Helmeti haikumpunguzia kitu.

Hoja ya usalama haihitaji maneno mengi. Kichwa cha mtu aliyeketi juu ya farasi mkubwa kiko kama mita 2.5 kutoka ardhini, na chini yake kuna mnyama wa kilo 600. Kofia ndefu ni kitambaa na gundi. Mwaka 2010 huko Florida, Mmarekani Courtney King-Dye, aliyekuwa kwenye timu ya nchi yake katika Olimpiki ya Beijing, alianguka baada ya farasi kujikwaa. Farasi hakuleta ukorofi wala hakurusha mateke. Alijikwaa tu, kama mtu anavyojikwaa kizingitini. King-Dye hakuwa na helmeti. Fuvu lilipasuka, akalala kwenye koma karibu mwezi mzima, na alipozinduka ikambidi ajifunze upya mambo ambayo mtoto wa miaka mitatu anayaweza. Ajali yake ndiyo iliyozaa kampeni kubwa ya helmeti, na yeye mwenyewe akawa sauti yake. Dujardin naye hakuivaa London ili aonekane wa kipekee. Mwaka 2009 alikuwa amekwisha kupasuka fuvu kwa kuanguka.

Hapa msomaji wa Dar au Nairobi atatabasamu, maana visingizio vyote tunavijua kutoka kijiwe cha bodaboda. Naenda hapo tu. Dereva namfahamu. Nimetoka saluni sasa hivi, itaniharibia nywele. Wapandaji wa dresaji walikuwa na yaleyale kwa lugha zao: farasi wangu namjua, nina miaka thelathini kwenye tandiko, huku kwetu haturuki vizuizi.

Hata hivyo si haki kuwageuza watetezi wa kofia ndefu kuwa watu wa majivuno tu. Wanayo hoja ambayo mimi, niliyeuingilia mjadala huu nikiwa upande wa helmeti, ilinichukua muda kuielewa. Nguo nyeusi za dresaji zilikuwa na kazi: kumfuta mpandaji. Koti jeusi, buti nyeusi, kofia nyeusi, na jicho la jaji linabaki kwa farasi. Kofia yenyewe ilikuwa kama mshale wa mizani. Kichwa kikicheza kidogo, ncha ya kofia inacheza mara mbili, kwa hiyo aliyeweza kupita uwanja mzima kofia ikiwa imetulia alikuwa amethibitisha kitu ambacho helmeti ya duara haikionyeshi. Huo ni ufundi, na ufundi ukiondolewa alama yake, kuna watu watasikitika. Sioni sababu ya kuwacheka.

Hoja yao ya pili ni ya hiari. Mtu mzima, tena bingwa, anajua hatari anayoiingia, na kichwa ni chake. Hii naiona nyepesi zaidi. Bingwa hapandi peke yake. Mtoto wa miaka kumi anamtazama kwenye simu na kesho anataka kuvaa kama yeye. Na mtu akipasuka kichwa, anayelala kwenye benchi la hospitali ni mama yake au mumewe, si yeye.

Nikisikia neno mila, huwa natazama koti. Koti la dresaji la Kizungu lina mikia miwili nyuma, na mbele, chini ya vifungo, huchungulia pembe mbili za kitambaa cha manjano. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani ndani kuna kizibao cha manjano. Zamani kilikuwepo. Siku hizi hakuna: ni vipande viwili vilivyoshonewa kwenye koti ili ionekane kama kizibao kipo. Mila nzima iko pale, pembe mbili za uongo zinazotunzwa kwa uaminifu mkubwa. Suruali zile za wapandaji ziitwazo jodhpuri, ambazo wengi hudhani ni za Kiingereza tangu enzi, zilipewa jina la mji wa Jodhpur, Rajasthan, India. Sir Pratap Singh ndiye aliyezipeleka kwenye sherehe za Malkia Victoria mwaka 1897 zikaanza kuigwa.

Tena mavazi haya hayakuwa urembo mtupu. Yalikuwa kitambulisho. Mpaka Olimpiki ya 1948 dresaji ilikuwa ya maofisa wa jeshi na waungwana wasio wanajeshi, wanaume watupu; askari wa cheo cha chini hakuruhusiwa. Sweden ilishinda dhahabu ya timu mwaka huo, kisha mwaka 1949 ikanyang'anywa kwa sababu mmoja wa wapandaji wake, Gehnäll Persson, alikuwa sajini aliyepandishwa cheo kwa ajili ya mashindano na kurudishwa chini yalipokwisha. Ufaransa ikapewa medali. Farasi alikuwa yuleyule na miondoko ileile, ila nyota za mabegani hazikuwa halali. Fedheha ile ilisaidia kuvunja ukuta: Helsinki 1952 masajini waliingia, na wanawake pia. Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilikuwa imempooza miguu kuanzia chini ya magoti, akapata fedha. Kwa hiyo anayesema mavazi ya zamani yalibeba heshima yuko sawa, ila ni vizuri kuuliza heshima ya nani.

Baada ya kofia kuondoka mtu angetarajia mambo yatulie. Wapi! Mitindo ilipata mlango. Kanuni za FEI ziliwahi kupima weusi wa koti kwa namba: rangi nyingine isipokuwa nyeusi na buluu ya giza ilikubaliwa endapo thamani yake kwenye kipimo cha rangi cha HSV ilikuwa chini ya asilimia 32. Mfikirie ofisa langoni na kadi ya rangi mkononi kama fundi rangi wa magari. Siku hizi utaona makoti ya zambarau iliyoiva, ya kijani cha chupa, ya kahawia. Mikia imefupishwa. Sufu nzito imepisha vitambaa vinavyonyumbuka na kufuliwa kwenye mashine, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutoka jasho ndani ya koti atalishangilia. Suruali nyeupe zimewekwa silikoni sehemu ya kukalia ili mtu asiteleze.

Na helmeti yenyewe, iliyoingia kama chombo cha usalama, imekuwa kito. Kuna za ukingo mpana kama kofia ya bibi wa kanisani, kuna zilizozungushiwa vioo vinavyometameta, na chapa kama Samshield ya Ufaransa na Kask ya Italia huuza helmeti kwa mamia ya euro. Desemba 2022 maabara ya helmeti ya chuo cha Virginia Tech nchini Marekani ilitoa kwa mara ya kwanza alama za nyota kwa helmeti za farasi, na ikaonekana kwamba bei kubwa si dhamana ya nyota nyingi. Walionunua vioo walinunua vioo.

Wanaopenda mng'ao wanajibu kwamba mchezo huu ulikuwa umekauka, kwamba wasichana wanaoulipia ndio wanaotaka rangi, na kwamba mwenye duka la nguo za farasi naye anahitaji kula. Ni kweli. Lakini hapo ndipo ile hoja ya wazee wa kofia ndefu inaporudi na nguvu mpya: weusi ulimficha mpandaji, na ulificha pia mfuko wake. Koti jeusi la mtumba na koti jeusi la fundi wa Paris, kutoka mita thelathini, ni kitu kimoja. Vioo havifichi kitu. Sikutarajia kuwakubali kwenye hili, na nawakubali.

Kuhusu nywele siwaungi mkono hata kidogo. Kwenye mashindano mengi, hasa ya mtindo wa Marekani uitwao hanta, wa kuruka vizuizi kwa madaha, unadhifu maana yake ni nywele zote kusukumwa ndani ya helmeti zikiwa kwenye wavu, pembeni zikiwa zimelala juu ya masikio. Aliyebuni unadhifu huo alikuwa na nywele laini kichwani. Mwenye rasta au msuko mnene akizikunja zote ndani ya helmeti anapata uvimbe unaoiinua, na helmeti iliyoinuka haimlindi. Kwake unadhifu na usalama vinagombana. Dawa inajulikana: acha msuko uning'inie nyuma, umefungwa vizuri, basi.

Wanaohofia kwamba mila itakufa wana pa kuitazama. Chuo cha Kihispania cha farasi kilichopo Vienna bado kinapanda kwa makoti ya kahawia na kofia za pembe mbili, na mwaka 2015 UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi. Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi, ina ardha ya farasi na ngamia iliyoorodheshwa mwaka 2018: wapandaji wenye vilemba na majambia, wengine wakisimama juu ya tandiko farasi akiwa mbioni. Hayo ni maonyesho, hakuna anayegombea alama, na vazi ndilo lenyewe linalotazamwa. Mashindano ni kitu kingine.

Kuna jambo linalonifanya nisikae sana upande wowote. Julai 2024, siku chache kabla ya Paris, Dujardin yuleyule aliyeipa helmeti heshima alijiondoa kwenye Olimpiki baada ya video kumwonyesha akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi wakati wa somo, mara nyingi. Aliomba radhi; FEI ilimfungia mwaka mmoja na kumtoza faini. Tulibishana miaka kumi juu ya kilichoko kichwani mwa mtu, na mtazamaji wa kawaida leo anauliza mkanda unaozungushwa pua na mdomo wa farasi umekazwa kiasi gani.

Kwetu mchezo huu ni mdogo, zaidi Kenya, na wenye farasi ni wachache. Nimewahi kusimama kando ya uwanja wa mashindano ya watoto Nairobi, saa saba mchana, jua la Januari. Binti wa miaka kumi hivi alikuwa ndani ya koti, glavu na buti, uso umemwiva, anasubiri jina lake. Saisi, yaani mtunza farasi, alimshikia farasi hatamu, akamfutia buti vumbi kwa upande wa shati lake, akamkaza ukanda wa helmeti kidevuni, akaupima kwa vidole viwili kama inavyotakiwa. Binti akaingia, akamaliza, akapigiwa makofi. Akateremka, akamkabidhi saisi helmeti. Yule kaka akaipangusa, akaitia kwenye mfuko wake maalumu wenye jina la binti, akafunga zipu, akauweka kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Kisha akampanda farasi kumrudisha bandani kwa njia ya barabarani, katikati ya matatu na malori, kapelo kichwani.