Fulana za mara hii

Jumamosi mtoto wa jirani, miaka 16, kanigongea mlango hapa Hannover, Ujerumani. Ana karatasi mkononi: kuna kikao kuhusu kijito kinachopita nyuma ya majengo yetu, nisikose. Nikamuuliza, nani kakutuma? Akabaki ananishangaa. Hajatumwa na mtu. Jimbo hili, wa umri wake wanapiga kura ya halmashauri tangu 1996, kwa hiyo diwani akimwona anasimama kumsikiliza.

Nikafunga mlango nimenuna.

Mimi wa bondeni, Msimbazi, Dar es Salaam, masika mnayajua. Tulikuwa vijana tisa. Mtaro wetu umejaa chupa na pampasi mpaka maji yanarudi chooni. Tukapeleka barua ofisini: hela hatutaki, tuambieni tu taka tukizitoa tuzirundike wapi na gari lipite lini. "Mhuri wa kikundi uko wapi?" Tukachonga mhuri. "Katiba?" Tukaandika katiba. "Kamati itakaa." Nadhani bado haijakaa. Ila alipokuja mgeni rasmi tuliamshwa saa kumi na mbili, tukagawiwa fulana, ufagio na chupa ya maji kila mmoja. Hotuba saa nzima, kufagia dakika kumi, picha. Zile chupa ziliishia mtaroni. Yangu pia, sikatai.

Najua mtasema keshakuwa Mzungu huyu, arudi basi azibue mwenyewe. Wala sijasema Wajerumani malaika; plastiki yao nyingine wanaipakia melini iende kwa watu. Na mifuko ya plastiki sisi tuliipiga marufuku Juni 2019, wao ile myepesi ya dukani wameizuia 2022! Kazini nikiwaambia hawaamini, nami siku hiyo natembea kifua mbele. Kwa hiyo msinilishe maneno, uwezo tunao.

Ninachodai ni kidogo. Wakikaa kupanga mtaro upi uanze, kijana awemo na maoni yake yaandikwe, asiwe wa kupanga viti tu. Mtaniambia vijana wenyewe wako kwenye mikeka ya kubeti. Wapo. Lakini yule anayetembea na kiroba cha makopo tangu alfajiri anajua taka za mtaa zinamwagwa wapi, na nani anazimwaga usiku. Nani amewahi kumuuliza?

Jana nimempigia mdogo wangu. "Kaka, Jumamosi tunaitwa usafi, kuna mgeni."

Nikamuuliza fulana za mara hii rangi gani.