Je, Kupiga Muziki Barabarani Kunamlipa Mwanamuziki?

Asubuhi ya tarehe 12 Januari 2007, mpiga fidla Joshua Bell, ambaye tayari alikuwa akijaza kumbi kubwa za muziki duniani, alisimama karibu na mlango wa kituo cha treni za chini ya ardhi cha L'Enfant Plaza jijini Washington akiwa amevaa kofia ya besiboli, akaacha kasha lake wazi miguuni, na kuanza kupiga tungo za Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, kwa fidla iliyoundwa na Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla wa Italia, mwaka 1713. Jaribio hilo liliandaliwa na gazeti la Washington Post. Kwa muda wa dakika 43 walipita mbele yake watu 1,097. Saba tu ndio waliosimama kumsikiliza walau kwa dakika moja, na ndani ya kasha zilikusanyika dola 32 na senti chache, ukiacha noti ya dola 20 iliyotolewa na mtu mmoja aliyemtambua.

Kisa hiki kimesimuliwa mno, na karibu kila anayekisimulia hukitumia kuwalaumu wapita njia kwamba wamekuwa viziwi wa uzuri. Lawama hiyo ni nyepesi, kwa sababu mtu anayewahi kazini asubuhi hawezi kupimwa masikio kwa kutosimama kwake. Kuna tarakimu nyingine katika kisa hicho hicho ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayomhusu mwanamuziki anayejiuliza kama atoke na ala yake akapige njiani: waliotoa fedha walikuwa 27. Yaani waliompa kitu walikuwa karibu mara nne ya waliomsikiliza, na wengi wao walidondosha sarafu huku miguu ikiendelea kwenda. Barabarani, kutuzwa na kusikilizwa ni mambo mawili yanayotembea kila moja kwa njia yake, na mjadala wa kama kazi hii inafaa au haifai huvurugika pale yanapohesabiwa kuwa jambo moja.

Tuanze na fedha, kwa kuwa upande wa wanaoitetea kazi hii huanzia hapo na hauna sababu ya kuona haya. Ukipiga hesabu, mapato ya Bell yalikuwa sawa na dola 45 hivi kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 5.15. Karibu hakuna aliyemjua, na saa ile ya asubuhi ilikuwa mbaya, lakini bado alipata. Anayepiga barabarani habembelezi mwenye ukumbi, hagawani mapato na dalali, wala hasubiri miezi mitatu ili alipwe. Jioni anahesabu alichokipata na kukitia mfukoni. Kwa mwanamuziki asiye na jina, ambaye kumbi ndogo humtaka apige bure eti ili ajulikane, sarafu za wapita njia ni malipo ya kweli kuliko ahadi hiyo.

Hata hivyo, hesabu ya saa moja huhadaa. Saa moja nzuri ya Jumamosi mchana hubebwa na saa nyingi zisizoonekana: kubeba spika na betri, kufika mapema ili kuwahi mahali, kungoja zamu ya mwenzako iishe, kufungasha vyombo mvua inapoanza ukiwa ndiyo kwanza umemaliza kuunganisha nyaya. Anayetaka kujua ukweli na agawanye mapato ya mwezi mzima kwa saa zote alizokuwa nje ya nyumba kwa ajili ya kazi hiyo, siyo kwa saa alizopiga tu, kisha aondoe gharama za nyuzi, betri, nauli na kibali. Kinachobaki ndicho mshahara wake, na si kila mtu hukipenda akishakiona. Pia sarafu zenyewe zinaadimika mifukoni mwa watu. Jijini London mwaka 2018 ofisi ya meya ilishirikiana na kampuni ya malipo kuwapatia wanamuziki wa barabarani mashine za kupokea kadi, na mwanzoni unaweza kudhani tatizo limeisha. Lakini sarafu hurushwa bila kusimama, ilhali kadi inamtaka mtu asogee, aitoe na aiguse mashine. Mashine hiyo inaweza kuwafaa wale saba waliosimama. Wale wengine waliotoa huku wakitembea, sina hakika.

Hoja ya pili ya upande wa ndiyo ni kwamba barabara ni chuo, na hapa ndipo ninapokubaliana nao zaidi, ingawa ndipo pia ninapoiona hatari kubwa kuliko zote. Katika ukumbi msikilizaji amekwisha kulipa kiingilio, ameketi, na adabu peke yake humzuia kuondoka kabla wimbo haujaisha. Barabarani kila msikilizaji huanza akiwa anaondoka. Mwanamuziki hujifunza upesi kuanza kwa nguvu, kuendelea baada ya kukosea, kushindana na honi na mlevi anayetaka kuimba naye, na kurudia hayo yote kwa saa nne mfululizo mpaka vidole vizoee kutii hata akili ikiwa imechoka. Hakuna chumba cha mazoezi kinachoweza kumpa mtu ukakamavu wa namna hiyo, kwa sababu chumbani hakuna wa kukupuuza.

Niliwahi kumtazama kwa karibu saa nzima mpiga gitaa aliyesimama kando ya kivuko cha waenda kwa miguu. Ilinichukua muda kugundua kwamba alikuwa akifanya kazi kwa kufuata taa. Ilipowaka nyekundu kwa waendao kwa miguu na watu wakaanza kurundikana ukingoni, aliruka moja kwa moja hadi kwenye kiitikio, hata kama alikuwa katikati ya ubeti; ilipowaka kijani na kundi likavuka, alishusha sauti, akachezea nyuzi mbili tatu na kunywa maji. Noti ilipoanguka ndani ya kasha aliinama na kuisukuma chini ya kitambaa, akiacha juu sarafu na noti moja ndogo, ili kasha lisionekane tupu wala limejaa. Ulikuwa ustadi mtupu, nami nilimvulia kofia. Kilichonishangaza nilikiona baadaye: kwa saa nzima hiyo hakuna hata wimbo mmoja alioumaliza. Alipopumzika nilimwomba anipigie ubeti wa pili wa wimbo alioupiga kama mara nane. Akacheka, akaanza tangu mwanzo, akafika kwenye kiitikio, na hapo akakwama.

Chuo hicho basi kina mtaala wake, na anayeupanga si mwalimu bali ni mpita njia. B.B. King, mpiga gitaa na mwimbaji mashuhuri wa Marekani, alipokuwa kijana alipiga gitaa kwenye kona za barabara huko Indianola, Mississippi, na baadaye alikuwa akisimulia kwamba walioomba nyimbo za dini walimpongeza na kumtakia heri, ilhali walioomba bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, walimtia kitu mkononi. Somo lile lilimwelekeza kwenye muziki uliompa jina, kwa hiyo huwezi kusema kwamba barabara ilimkosesha njia. Lakini somo lile lile, likimfikia mwanamuziki ambaye nyimbo zake ni za polepole, zinazohitaji dakika tatu za ukimya kabla hazijafunguka, litamwambia aziache. Litamwambia apige nyimbo za wengine ambazo kila mtu anazijua tayari, kwa kuwa mtu hutambua wimbo anaoujua ndani ya sekunde chache, na sekunde chache ndizo alizonazo. Mtunzi anayekwenda barabarani kupima tungo zake mpya anapaswa kujua kwamba kipimo hicho hupima kitu kimoja tu, yaani uwezo wa wimbo kumsimamisha mtu mwenye haraka. Ukiufeli mtihani huo, bado huenda wimbo ni mzuri.

Kuhusu ndoto ya kuonekana na mtu mkubwa, nitasema kwa ufupi. Wapo walioonekana kweli. Édith Piaf, mwimbaji wa Ufaransa, alikuwa akiimba katika barabara za Paris mwaka 1935 pale Louis Leplée, mwenye klabu ya usiku, alipomsikia na kumchukua. Lakini mifano mingine inayotajwa huwa imepunguzwa nusu. Mwimbaji wa Marekani Tracy Chapman aliimba Harvard Square, uwanja ulio karibu na Chuo Kikuu cha Harvard, hilo ni kweli; ila aliyemfungulia mlango wa kurekodi alikuwa mwanafunzi mwenzake wa chuo, ambaye baba yake alikuwa katika biashara ya muziki. Mwimbaji Tones and I wa Australia alitoka kwenye barabara za Byron Bay mwaka 2019 kwa wimbo uliozunguka dunia nzima, na cha ajabu ni kwamba wimbo wenyewe, "Dance Monkey", ameueleza kuwa unahusu jinsi watazamaji wa barabarani wanavyomshurutisha mwimbaji aendelee kuwaburudisha. Waliopiga miaka kumi wakarudi nyumbani bila kuonekana na yeyote hawana anayewasimulia, kwa hiyo orodha ya waliofanikiwa haiwezi kutumika kama kipimo cha bahati. Bell mwenyewe alirudi kupiga Washington mwezi Septemba 2014, safari hii katika kituo cha Union Station na baada ya kutangazwa, na umati ukafurika. Vidole vilikuwa vile vile. Tofauti ni kwamba mara hii jina lilitangulia kufika.

Kuna upande wa tatu ambao wanamuziki huusahau wanapolipima jambo hili, nao ni wa watu wasioweza kuondoka. Mpita njia husikia nusu ya wimbo na kwenda zake, kwa hiyo nyimbo sita zilizofanyiwa mazoezi vizuri zinamtosha mwanamuziki kwa siku nzima. Lakini muuza duka wa jirani, na mtu wa ofisi iliyo ghorofa ya pili, husikia nyimbo hizo hizo sita zikirudi tangu mchana hadi jioni. Ugomvi huu ni wa zamani: Charles Babbage, mwanahisabati aliyebuni mashine za kukokotoa, alipigana kwa miaka na wapiga ala waliopita chini ya madirisha yake jijini London, na mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwadhibiti. New York iliwapiga marufuku wanamuziki wa barabarani mwaka 1936 na haikuwaruhusu tena hadi 1970. Hong Kong iliifunga sehemu ya waenda kwa miguu ya Mong Kok mwaka 2018 baada ya malalamiko ya kelele, na mwaka 2025 maonyesho ya barabarani yalisitishwa katika uwanja wa Leicester Square wa London baada ya mahakama kukubali kwamba yalikuwa kero kwa waliofanya kazi jirani. Utaona kwamba mambo mawili yanayomlipa zaidi mwanamuziki, yaani kurudia nyimbo chache na kupandisha sauti, ndiyo hayo hayo yanayomwondolea uwanja, tena humwondolea pamoja na wenzake ambao hawakukosa.

Dawa ambayo miji mingi imeichagua ni kibali kinachotanguliwa na usaili. Treni za chini ya ardhi za New York zina mpango wa namna hiyo tangu 1985, za Paris tangu 1997, na za London tangu 2003. Anayefaulu hupata mahali maalumu na zamu inayojulikana, na hafukuzwi na askari katikati ya wimbo. Wapo wanaolalamika kwamba barabara ilikuwa ukumbi pekee usio na mlinzi mlangoni na kwamba sasa nao umewekewa mlinzi. Malalamiko hayo yana uzito, hasa kwa anayeanza, ambaye ndiye aliyehitaji zaidi mahali pa kukosea. Mimi, pamoja na hayo, ningekichukua kibali. Uhuru wa kupiga popote huku ukichungulia begani kila dakika tano hauachi nafasi kubwa ya muziki.

Mwili na ala navyo hulipa sehemu yao. Nje hakuna kuta za kukurudishia sauti yako, kwa hiyo mwimbaji hujikuta anasukuma koo bila kujua mpaka siku inapogoma. Gitaa la mbao linaloshinda juani na kulala kwenye unyevu hupinda shingo. Aliye na ala moja tu ya thamani na aiache nyumbani, atoke na ile ambayo hatailia ikivunjika.

Nikiyaweka haya yote kwenye mizani, naona kazi hii inamlipa vizuri mwanamuziki wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayeichukulia barabara kuwa fani kamili yenye ufundi wake, kama yule wa kwenye taa, na ambaye hajisikii kwamba yuko pale kwa kupitia tu. Wa pili ni yule anayeanza, mwenye woga wa macho ya watu, anayehitaji saa nyingi za kupiga mbele ya binadamu na ambaye hawezi kuzipata kwingine. Huyu wa pili ningemwomba ajiwekee muda, tuseme mwaka mmoja au miwili, na aangalie daftari lake la nyimbo. Likianza kupungua badala ya kuongezeka, mapato yakiwa yale yale au hata yakipanda, ajue kwamba chuo kimemaliza kumfundisha na kilichobaki ni kibarua. Na hata ndani ya muda huo, walau mara moja kwa wiki aende mahali ambapo watu wameketi, hata wakiwa watano, apige wimbo mmoja pamoja na ubeti wake wa pili hadi mwisho.