Kijani Hicho Hakisemi Kansa Iko Wapi

Kuna video inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp: upasuaji wa kansa ya thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo; mikono ya roboti inaingilia kwapani mpaka shingoni, taa inabadilishwa, na tezi za limfu, vile vifundo kansa inakoweza kusambaa, zinawaka kijani kama vimulimuli. Watu wakamwaga "Mashallah". Mimi nikabaki nimenuna.

Ile rangi, indosayanini ya kijani, si ya jana. Marekani waliiruhusu tangu 1959. Ukiichoma kwenye thairoidi inafuata mkondo wa limfu, kamera inaidaka. Basi. Inaonyesha mkondo unaelekea wapi, kansa haiijui. Tezi isiyo na kitu itawaka, na iliyojaa kansa inaweza kubaki giza kwa sababu njia imeziba. Halafu tunashangilia kwamba "zimetolewa nyingi". Nyingi za nini? Dagaa hao, wapimwe kwa sado?

Seoul, pale Chuo Kikuu cha Yonsei, walianza njia hii ya kwapani 2007. Korea Kusini hiyohiyo ilipima shingo za watu mpaka kiwango cha kansa ya thairoidi iliyogunduliwa 2011 kikawa mara 15 ya kile cha 1993, na idadi ya wanaokufa nayo ikabaki palepale: kuona nyingi si kuokoa wengi. Haya, shingo isiyo na kovu si jambo dogo, nakubali.

Ila mimi nina shangazi. Alitolewa goita kwa kisu cha kawaida, hospitali siitaji. Kesho yake nesi akamfunga mkanda wa presha, na kabla haujalegezwa vidole vikajikusanya vyenyewe, kama anayechota chumvi. Kuna tezi nyingine nne nyuma ya thairoidi, si za limfu, kila moja kama punje ya mchele; ndizo zinazolinda kalsiamu ya mwili, na kalsiamu ikishuka vidole hujikunja hivyo. Zake zilitoka na goita au zilikatiwa damu? Hakuna aliyetuambia. Hadi leo anatafuna vidonge vya kalsiamu, vyeupe kama chaki, na akipanda daladala mkoba unalia kachakacha.

Na tezi hizo nne zinang'aa zenyewe chini ya kamera ya namna hiyo, bila dawa yoyote! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walilionyesha 2011. Vifaa vikaruhusiwa hukohuko 2018. Mwanga wa kumwambia daktari "hii usiguse" ndio ninaoutaka, maana ukichokonoa limfu za chini ya shingo ndipo hizo nne zinapokwenda na maji.

Shangazi naye alitumiwa video. Akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu: "Na huyo mgonjwa, vidole vyake vikoje?"