Kulala njiani na karavani: uweke nafasi mapema au utafute siku hiyo hiyo?

Kila kiangazi wavuta karavani barani Ulaya hubishana jambo lile lile. Wapo wanaolipia kila usiku wa safari tangu majira ya baridi, na wapo wanaosema kwamba ukiwa na nyumba nyuma ya gari, unalala jioni inapokukuta. Hoja ya pili inapendeza, ila wengi wanaoitoa wanasafiri kwa motohome, yaani gari lenye nyumba ndani yake. Motohome ikikuta lango limefungwa, inageuka na kwenda zake. Gari la mita 4.5 linalovuta karavani ya mita 7 ni msafara wa karibu mita 12 wenye kiungo katikati, na kuurudisha kinyumenyume kwenye kichochoro chenye kona ni kazi ya kutoa jasho. Tena maegesho mengi ya usiku yaliyotengewa motohome nchini Ufaransa hayapokei karavani. Usipochuja ramani, utadhani una machaguo ishirini kumbe ni manne.

Upande wa kuweka nafasi mapema una nguvu zaidi pwani na kando ya maziwa, hasa kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Hata hivyo, ndipo nao unapokwama: kambi nyingi za ufukweni kipindi hicho hazikubali kuwekewa usiku mmoja. Zinataka siku kadhaa, nyingine wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Mpita njia hana cha kulipia. Halafu nafasi iliyolipiwa inaweza kumponza dereva: foleni imekula saa tatu, mwili umechoka, lakini anaendelea kwa kuwa hela imeshatoka.

Makosa mengi ya pande zote mbili huanzia kwenye hesabu ya mwendo. Ujerumani, gari lenye trela linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, au 100 kwenye barabara za magari pekee kwa misafara iliyoidhinishwa. Ukiingiza mapumziko na mafuta, wastani wa kilomita 60 kwa saa ndio wa kupangia. Ramani ya simu, inayokadiria gari lisilo na mzigo, ikisema mwendo wa saa tano, panga saba.

Kwa hiyo anayetafuta siku hiyo hiyo aamue wakati wa chakula cha mchana, asingoje jioni. Wanaoondoka huwa wametoka kufikia saa 6 mchana, na mapokezi wanajua kilichobaki. Piga simu hapo. Taja urefu wa msafara mzima, si wa karavani peke yake. Uliza lango linafungwa saa ngapi. Kambi nyingi za Ujerumani hufunga hata mchana, mara nyingi saa 7 hadi saa 9. Uliza pia kama ipo nafasi ya kuingilia upande mmoja na kutokea mwingine, ili usiitenganishe trela na gari. Nafasi hiyo ina gharama yake: trela ikibaki imeunganishwa na gari, huwezi kusawazisha mbele na nyuma kwa gurudumu la mbele, kwa hiyo ardhi lazima iwe tambarare. Kushoto na kulia utaweka kabari chini ya tairi. Miguu ya pembeni ni ya kutuliza tu. Ukiitumia kuinulia karavani, utaipinda.

Umeme nao usikuchagulie kambi. Soketi ya ampia 6 kwa volti 230 inatoa wati 1,380, na birika la wati 2,000 litaikata. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake ukunjuliwe wote, maana ukibaki umejikunja unapata joto na unaweza kuyeyuka. Nafasi isiyo na umeme inatosha kabisa kwa usiku mmoja: betri ya kawaida ya ampia-saa 100, hata ukitumia nusu tu, inaendesha taa na pampu ya maji, na friji inakwenda kwa gesi. Friji ya aina hiyo karavani ikiinama haipoi vizuri, na ndiyo sababu kubwa ya kuhangaikia usawa.

Maegesho ya barabara kuu ni ya dharura tu. Ujerumani inaruhusu kulala ili dereva apate tena uwezo wa kuendesha, lakini ukitoa viti na kukunjua turubai, hiyo ni kambi. Na malori ya majokofu hunguruma usiku kucha.

Mizani yetu inaelemea upande wa kutafuta siku hiyo hiyo, ila si moja kwa moja. Lipia usiku wa kwanza, kwa kuwa siku ya kuondoka huchelewa karibu kila mara. Lipia usiku wa kabla ya feri, na Ijumaa na Jumamosi ukiwa pwani. Zilizobaki ziache wazi, na utafute kambi za bara zilizo kilomita 10 hadi 15 kutoka barabara kuu. Uwe umeingia kufikia saa 10 alasiri. Ukikataliwa, waombe mapokezi jina la kambi ya jirani, kisha itazame njia yake kwenye picha za setilaiti kabla ya kuingiza msafara barabara usiyoweza kugeuzia.