Pete ya albatrosi ni deni

Tarehe 10 Desemba 1956, kwenye visiwa vya Midway katikati ya Pasifiki, mtafiti Mmarekani Chandler Robbins alimvisha pete ya alumini yenye namba albatrosi jike, ndege mkubwa wa baharini, mguuni. Mwaka 2002 Robbins, akiwa ameshapita miaka 80, alirudi Midway akamkamata ndege mwenye pete iliyochakaa. Pete zilizochakaa zilikuwa zikibadilishwa, na alipopekua madaftari, akifuata namba ya pete moja hadi ile iliyoitangulia, aligundua kuwa ni yule yule wa miaka 46 nyuma. Leo ndege huyo anaitwa Wisdom. Kinda wake mmoja alianguliwa Januari 2025, mama akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 74 hivi.

Bila pete tusingejua. Albatrosi waliokomaa wanafanana, na huwezi kumkadiria mmoja umri kwa kumtazama tu.

Lakini ndege mwenyewe anafaidika nini? Swali hili lina uzito kuliko watafiti wengi wanavyokubali. Midway ya wakati ule ilikuwa kituo cha jeshi la majini la Marekani. Ndege hawa waligongana na ndege za jeshi, na wanajeshi wakawaua kwa maelfu. Utafiti uliletwa hapo ili kutatua tatizo la jeshi. Albatrosi 18 walipakiwa kwenye ndege wakaachiwa mbali, kuona kama watapotea. Waliorudi ni 14, mmoja wao kutoka pwani ya Marekani, zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku 10. Ni ugunduzi wa ajabu, nami bado unanistaajabisha, ila chanzo chake ni watu waliotaka kuwaondoa.

Miaka ya 1960 mambo yalikuwa mazito zaidi. Taasisi ya utafiti ya Smithsonian ya Marekani iliwavisha pete ndege zaidi ya milioni moja kwenye visiwa vya Pasifiki, kwa fedha za jeshi, kutoka kituo kilichoshughulikia silaha za kibaolojia. Takwimu zile bado zinatumika. Siwezi kusema zitupwe, lakini hazisomeki kana kwamba zilikusanywa kwa ajili ya ndege.

Kuna pia madhara ya mikono na miguu yetu. Mtu akikatiza katikati ya membe waliotaga mchangani, wote huruka. Yai hubaki juani, na kinda hunyakuliwa na ndege wengine wanaovizia angani. Ndege wanaotaga mashimoni, dari ya shimo huwaporomokea mtafiti anapoikanyaga kwa buti. Visiwani Crozet, Bahari ya Hindi, utafiti wa miaka 10 uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa pengwini waliofungwa bangili kwenye bawa walizaa makinda pungufu kwa asilimia 39. Ni kweli pete ya mguuni si bangili ya bawa, lakini bangili hizo nazo ziliaminiwa kwa miongo kadhaa kuwa hazidhuru.

Pamoja na hayo naegemea upande wa pete, kwa sharti moja. Anayemvisha ndege pete anaingia deni la kurudi kuisoma. Albatrosi hutaga yai moja tu kwa msimu, na anaweza kuishi kuliko mradi wowote wa miaka mitatu. Msafara unaovisha pete elfu kumi kisha ukaondoka moja kwa moja umewasumbua ndege elfu kumi bure, na wafadhili wanaolipia safari ya kwanza bila ya pili wanashiriki kosa hilo.

Kurudi kwenyewe ndiko kunakookoa. Msimu wa 2015 waliokuwa wakihesabu viota Midway waliona albatrosi wenye majeraha ya shingoni na mgongoni, wangali wamekalia mayai. Kamera za usiku zilionyesha panya wadogo wa nyumbani wakiwatafuna wakiwa hai. Albatrosi hainuki kwenye yai lake kujitetea. Angekufa palepale, na bila mtu wa kupita kiota kwa kiota nani angejua sababu?