Kamera nzima iacheni na mkanda wake

Simu yangu imeshanijua. Kila nikiifungua usiku inaniletea video ileile kwa sura tofauti: kijana yuko mezani, mbele yake kamera ya mkanda ya miaka ya sabini, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Anashika bisibisi. Dakika kumi baadaye pazia, gia na mkono wa kuvutia mkanda vimelala kwenye kisahani kama mifupa ya changu baada ya chakula cha mchana. Anapachika sensa ya kidijitali, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya mkanda, anafunga mgongo, anampiga picha paka. Huko chini watu wanamwaga makopakopa.

Mimi roho inaniuma, na si kwamba naipinga kazi yenyewe. Nimeifanya. Ninachopinga ni kuchinja kamera nzima. Kamera ambayo bado inapokea mkanda na kutoa picha haina ugonjwa, na asiyeumwa hapelekwi chumba cha upasuaji. Zilizokufa zipo tele, kwenye makabati na masanduku ya bati. Hizo ndizo zipewe sensa.

Yangu ilitoka kwa mjomba. Alisoma Urusi enzi za Sovieti, akarudi na shahada, koti zito ambalo Tanga hakulivaa hata siku moja, na Zenit-E. Anayeijua Zenit-E anajua ni chuma: karibu kilo moja pamoja na lenzi yake ya Helios 44-2 ya milimita 58, kipima mwanga kisichotaka betri, na kasi tano tu, kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde, ukiongeza ile B ya kushikilia pazia wazi. Zilianza kutengenezwa mwaka 1965, zikamwagika duniani kwa mamilioni. Harusi za nusu ya ukoo wetu zimepita humo. Kisha pazia lake la kitambaa likatoboka, maana unyevu wa pwani hauna adabu, na kila picha ikawa inarudi kutoka studio na nukta nyeupe kama nyota za mchana. Fundi aliyeziweza alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kamera ikalala kabatini miaka ishirini na kitu.

Sasa hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwa mkanda, pazia lililotoboka ni kifo, kwa sababu mkanda umekaa nyuma yake saa zote, unakula mwanga kidogo kidogo hata ukiwa umelala. Sensa haijali. Inafumbua jicho pale inapoamriwa, na kabla ya hapo mwanga wote unaopenya tunduni ni kazi bure. Kilichoiua kamera kwa mkanda hakiiui kwa sensa. Kwa nini basi tuanze na zile nzima?

(Neno lenyewe hunichekesha. Kwetu sensa ni karani anayebisha hodi kuuliza mlilala wangapi usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Lakini ukifikiri, ndiyo kazi yake hasa: kila pikseli ni chumba, na kila chumba kinaulizwa mwanga kiasi gani umelala humo. Wanaotaka kusema kihisio waseme, mimi nabaki na karani wangu.)

Watu huongea kana kwamba hili ni wazo la juzi. Mwaka 1991 Kodak waliuza DCS, kamera ya kidijitali ya kitaalamu, na ukiitazama mwili wake ni Nikon F3 ileile ya mkanda, imebandikwa mgongo wa umeme wenye megapikseli 1.3. Picha ziliteremka kwa waya hadi kwenye kasha lenye diski ya megabaiti 200, ambalo mpiga picha alilitundika begani kama muuza kahawa na birika lake. Kwa hiyo kupachika sensa kwenye kamera ya mkanda si uhuni wa vijana wa mitandaoni. Ndiyo njia iliyoleta kamera za kidijitali kwa waandishi wa habari.

Ndoto kubwa lakini ilikuwa nyingine: kitu chenye umbo la kasha la mkanda, unakitumbukiza kwenye kamera yoyote, unafunga mgongo, basi. Mwaka 1998 ikatangazwa huko California, kampuni ikajulikana baadaye kama Silicon Film, ikaahidi megapikseli 1.3 na picha 24. Ilipofika 2001 ilikuwa imesimamisha shughuli. Mwaka 2011 wabunifu fulani wakaitangaza tena kwa jina la RE-35, michoro mizuri mno, watu wakauliza bei. Ilikuwa Siku ya Wajinga. Sidhani kama kuna utani mwingine wa kamera uliowaumiza watu kiasi kile, kwa sababu uligusa pale pale walipokuwa wanatamani.

Kwa nini haikuwezekana kirahisi? Unene. Mkanda una unene wa kama milimita 0.13. Uso wa sensa lazima ukae pale pale uso wa mkanda ulipokaa, la sivyo utalenga jicho na kitakachoonekana vizuri ni sikio. Lakini sensa haiji uchi. Mbele yake kuna kioo cha kuilinda, na mara nyingi kichujio juu ya kioo, na vyote hivyo vinasogea mbele kuelekea pazia, ambalo liko milimita chache tu. Nyuma kuna bodi na nyaya zinazosukuma mgongo usifunge. Ndiyo maana wale wa video wanang'oa pazia na reli, zile kingo mkanda unapotelezea: wanatafuta nafasi.

Wachache waliofaulu walipitia mlango uliokuwepo tayari. Leica walipotoa mgongo wa kidijitali wa kamera zao za mkanda za R8 na R9 mwaka 2005, megapikseli 10, mwenye kamera alitoa mgongo wa mkanda, akaweka huo, na akitaka kurudi kwenye mkanda alirudi. Hasselblad ndio zaidi. Kamera zao za mfumo wa V, tangu 1957, zilizaliwa na magazini, yaani kasha la mkanda, inayochomoka nyuma, kwa hiyo mgongo wa CFV II 50C wenye megapikseli 50 unakaa kwenye mwili uliomzidi umri fundi aliyeuunda mgongo huo. Hakuna kilichokatwa. Hiyo naipigia saluti, ingawa bei yake naiangalia kama ninavyoangalia nyumba za Masaki, kwa dirisha la daladala.

Kuna na I'm Back, waliochangisha fedha kwa umma mwaka 2018. Wao walizunguka: badala ya kuweka sensa pale mkanda unapokaa, waliweka kioo cha ukungu, na sensa ndogo ikapiga picha ya ile taswira iliyoangukia kioo. Ni kama kupiga picha ya televisheni, punje za kioo zinaonekana. Wengi waliwacheka. Mimi niliwapenda kwa jambo moja, kwamba kamera ilibaki nzima. Baadaye wamekuja na toleo la sensa ya moja kwa moja, na kijisanduku kinachoning'inia chini ya kamera.

Mimi sina fedha za Leica. Nilichukua kamera ya Raspberry Pi, ile ya mwaka 2020 yenye megapikseli 12.3, na kompyuta yao ndogo ya Zero 2 W inayolingana na kipande cha biskuti. Sensa yake ni ndogo sana. Fremu ya mkanda ni milimita 24 kwa 36, na eneo lake linaingia sensa hiyo karibu mara 29. Udogo huo ukawa baraka na balaa. Baraka ni kwamba sensa ilipenya dirisha la mkanda bila kugusa reli, sikukata chochote. Kuipata mahali pake nilikata vipande vya kopo la soda, kila kimoja kama sehemu ya kumi ya milimita, nikavipanga chini ya skrubu usiku tatu.

Balaa niliiona Idi. Nikampanga mjomba, mkewe na wajukuu watano barazani. Kwenye kioo cha kutazamia wote wamo, mpaka mbuzi wa jirani. Picha ikatoka kofia ya mjomba, uso wake, basi. Lenzi ya milimita 58 juu ya sensa ile inaona kama ya 320 kwenye mkanda. Wajukuu walikasirika kweli.

Na rangi! Nilipong'oa pete ya kufungia lenzi, kichujio cha infraredi, kinachozuia mwanga usioonekana kwa macho, kilitoka nayo, nami sikujua. Mwarobaini ukawa wa waridi. Baibui jeusi la shangazi likatoka zambarau, akaniambia nimemvalisha nguo ya sherehe bila ruhusa yake. Nilijifariji kwamba yaliwakuta wakubwa: Leica M8 ya mwaka 2006 iliwekewa kichujio chembamba kwa sababu hiyohiyo ya nafasi finyu, na nguo nyeusi za nailoni zikawa zambarau mpaka kampuni ikawagawia wateja vichujio vya kufunga mbele ya lenzi. Mimi nilikirudisha changu kwa gundi.

Mtu ataniuliza, jasho lote la nini? Kama unataka picha za Helios, kuna adapta ya bei ya chakula cha mchana wa watu wawili, unafunga lenzi kwenye kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani, umemaliza. Kweli kabisa. Na mtu anayetaka picha tu namshauri afanye hivyo, asihangaike.

Lakini tunachokitamani hakiko kwenye picha, kiko mkononi. Ni ule mkono wa kuvutia, ule uzito, ule mlio wa pazia ambao mjomba anautambua akiwa chumba cha pili. Epson walilielewa hili mwaka 2004 walipotoa R-D1: kamera ya kidijitali, megapikseli 6, haina mkanda wowote ndani, lakini ina mkono wa kuvutia, na usipouvuta pazia halifyatuki. Walicheka watu, leo wanaitafuta. Ndiyo maana video zile zinanikera. Wanaanza kwa kung'oa pazia na mkono, wanabakiza ganda. Hiyo si kamera ya zamani iliyofufuka, ni simu iliyovaa kanzu ya babu.

Kwenye Zenit yetu kila kitu kinazunguka bado. Unavuta, unaweka B, unabonyeza na kushikilia. Pazia linafunguka, kiswichi kidogo chini ya kitufe kinaiambia sensa, sensa inahesabu mwanga wake kwa kasi niliyoiandikia, unaachia, pazia linafunga. Hakuna skrini. Picha unaziona jioni kwenye kompyuta.

Nilipompelekea, mjomba aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akavuta mkono mara moja, akasikiliza.

"Mjomba," akaniambia, "umeniwekea ya picha ngapi?"

Sikuwa nimefikiria. Kisahani cha kuhesabia juu ya Zenit kinaishia 36, ila kadi ndani inabeba maelfu. Nikarudi nyumbani, nikaongeza mistari kadhaa kwenye programu ili ikatae ya 37. Wiki iliyofuata alinipigia simu. Imegoma, akasema, mkanda umeisha, na nikija Jumapili nimletee mwingine.