Nyasi za njaa za Mayo na Mtunya ya Ugogo

Jirani yangu hapa Mayo, magharibi mwa Ireland, ni mzee wa miaka zaidi ya themanini, na haendi kuangalia kondoo wake bila kipande cha mkate mfukoni. Nilidhani ni cha mbwa. Akanieleza kuwa ni kinga ya féar gortach, nyasi za njaa. Huota pale alipoangukia mtu aliyekufa kwa njaa. Ukizikanyaga, njaa inakushika ghafla, miguu inaisha nguvu, na usipotia kitu mdomoni unaweza kufia hapo hapo.

Nilimwelewa mara moja. Mimi ni mtu wa Dodoma. Bibi alikuwa hakubali punje ya uwele ibaki chini, na akitaja Mtunya, ile njaa kuu ya kwetu Ugogo, sauti ilishuka, ingawa aliisikia tu kwa wazazi wake.

Njaa ya hapa ilianza 1845, viazi vilipoanza kuoza shambani kwa ugonjwa wa kimelea kinachofanana na kuvu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya hao wakapanda meli. Wakati huo huo nafaka na ng'ombe vilikuwa vinapelekwa Uingereza, na jirani yangu akifika hapo hunyamaza. Nasi vilevile: Mtunya ya 1917 hadi 1920 haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yameshakomba nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo ya vita.

Kinachoniuma ni hiki. Kati ya 1937 na 1939, watoto wa shule za msingi kama 5,000 za Ireland walitumwa kwa wazee wao na madaftari. Waliandika habari za njaa, za uji wa msaada, hata za waliobadili dini kwa bakuli la supu. Madaftari hayo yapo, na leo yeyote anaweza kuyasoma kwenye intaneti.

Kwetu tunajisifu kwamba masimulizi yetu ni ya mdomo. Siridhiki tena na jibu hilo. Bibi amefariki, na katika yote aliyojua kuhusu Mtunya mimi nimebaki na sentensi tatu.

Shangazi yake mama bado yupo, kijijini. Desemba hii mpwa wangu wa darasa la sita anakwenda kwake na daftari. Maswali nimeshamtumia: walikula mizizi gani, nani alichukua ng'ombe, na nani walizikwa njiani.